Sikio "limeziba" baada ya upasuaji? Usisubiri lizibuke

Mjomba wangu alifanyiwa upasuaji wa busha. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama, kidonda kilikauka bila usaha, na kwa upande huo sina la kulalamika. Kesho yake jioni, akiwa bado wodini, akapigiwa simu na karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kuhusu malipo ya korosho. Akaiweka simu sikio la kushoto kama siku zote. Akasikiliza. Akaitazama. Akairudisha sikioni, kisha akaniambia, "Njomba, simu hii imekufa."

Nikaichukua. Karani alikuwa anaita "Haloo? Haloo mzee?" kwa sauti ya kufika kitanda cha tatu. Nikamrudishia, safari hii akaipokea kwa mkono wa kulia, na mazungumzo yakaendelea.

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, na sikushtuka. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kazi yangu ni kupita nyumba hadi nyumba nikiwahimiza watu wawahi matibabu, na bado tulipoteza siku nne nzima tukiambiana sikio limeziba. Haya yafuatayo ni yale ambayo ningetaka mtu anishikishe mkononi jioni ile. Nimeyapanga kwa hatua kwa ajili ya anayemuuguza mtu huku kwetu Mtwara na Lindi, ambako kati ya kitanda cha mgonjwa na daktari wa masikio kunaweza kuwa na siku nzima ya barabara.

Kwanza elewa kilichopo

Neno "limeziba" ndilo lililotuponza. Mtu ambaye sikio lake la ndani limezimika ghafla hujisikia hivyo hivyo: sikio zito, limejaa, kama umetoka kupiga mbizi. Kwa hiyo husema limeziba, na sisi tunaomsikiliza tunawaza nta.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojisokota kama konokono, kidogo kama punje ya mbaazi. Hapo ndipo mtikisiko wa sauti unapogeuzwa kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Kiungo hicho kinaletewa damu na mshipa mmoja mwembamba, na mshipa huo hauna njia ya mchepuko. Ukikatika hapo, umekatika. Ndiyo maana jambo lililotokea mbali na kichwa, tumboni au kiunoni, linaweza kuliumiza sikio ambalo hakuna aliyeligusa.

Njia zinazojulikana ni kadhaa. Ya kwanza ni ganzi ya mgongo, ile sindano wanayochomwa kina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji, na wanaume wa busha, ngiri na tezi dume. Sindano hupita kwenye mfuko wa maji yanayozunguka uti wa mgongo na ubongo. Tundu lake likichelewa kujifunga, maji huvuja polepole na shinikizo hushuka. Kwa kuwa maji hayo yana kijia kinachofika sikio la ndani, sikio nalo hupungukiwa. Mara nyingi zinazopotea ni sauti nzito, mgonjwa anaumwa kichwa akikaa au akisimama na anapata nafuu akilala chali, na usikivu hurudi ndani ya siku chache. Sindano nyembamba huleta tatizo hili mara chache kuliko nene.

Ya pili ni dawa. Jentamaisini, ambayo manesi huiita jenta, hutumika kuzuia au kutibu maambukizi, na ni nduguye amikasini na streptomaisini. Hizi tatu zinaweza kuua chembe za kusikia, hasa kwa mwenye figo dhaifu au anayepewa kwa siku nyingi. Hapo huanza kupotea sauti nyembamba, kwa kawaida masikio yote mawili, na madhara yanaweza kujitokeza hata baada ya dozi kuisha. Furosemaidi (dawa ya kukojosha maji) ya sindano ikisukumwa haraka, kwinini, na aspirini nyingi nazo huweza kuleta mavumo na uziwi, ingawa wa hizi mara nyingi huondoka dawa ikisimama.

Kuna jambo moja hapa ambalo watu wa kusini tutalielewa kuliko wengine. Wapo watu waliozaliwa na udhaifu wa kurithi ambao hufanya hata dozi chache za jenta ziwaue masikio, na udhaifu huo hupita kwa mama peke yake. Wamakonde, Wamwera na Wayao tulikuwa tukihesabu ukoo kwa upande wa mama toka enzi za mababu. Basi hesabu hiyo ina kazi hospitalini pia: ukiwa na mama mdogo, mjomba au ndugu wa tumbo moja aliyepata uziwi baada ya sindano, mwambie daktari kabla ya upasuaji wowote.

Ya tatu ni nusu kaputi. Baadhi ya gesi za usingizi huingia kwenye chumba kilicho nyuma ya ngoma ya sikio na kubadili shinikizo lake, na mpira uliopitishwa puani huweza kuziba mrija unaounganisha sikio na koo. Mengi ya haya hupona. Ya nne ni damu yenyewe: presha iliyoshuka sana, au kipande kidogo cha damu iliyoganda kilichosafiri hadi kwenye ule mshipa mwembamba. Upasuaji wa moyo unaotumia mashine ya kusukuma damu ndio unaotajwa zaidi kwa hili. Na mara nyingi, baada ya vipimo vyote, sababu haionekani.

Nisikutishe. Marekani, uziwi wa ghafla wa sababu zote hupata watu 5 hadi 27 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na unaofuata upasuaji ni sehemu ndogo tu ya hao. Asiachwe mtu na busha lake, wala mama asikatae upasuaji wa kujifungua, kwa kusoma maneno yangu.

Hatua ya 1: Pima kitandani, siku hiyo hiyo

Andika saa na tarehe mabadiliko yalipoanza. Siku ya kwanza inahesabiwa toka sikio lilipobadilika, si toka siku ya kisu. Hesabu hii utaihitaji kila utakapofika.

Halafu fanya majaribio mawili. La kwanza: sugua kidole gumba na cha shahada karibu na sikio moja, kisha jingine, mgonjwa amefumba macho. Aseme wapi anasikia.

La pili ndilo lililotufungua macho, na tulifundishwa na tabibu wa kituo cha afya siku ya tano. Anza na wewe mwenyewe ili ulielewe. Ziba sikio lako moja kwa kidole, funga mdomo, uvume "mmmm" kwa sauti nzito. Utasikia mvumo unahamia upande uliouziba. Hivyo ndivyo lifanyavyo sikio lililoziba kweli, liwe na nta, maji au usaha: sauti ya ndani inakuwa kubwa upande ule ule mbovu.

Sasa mgonjwa avume bila kuziba kitu. Akisema sauti iko upande mbovu, huenda ni kizuizi cha njiani. Akisema iko upande mzima, sikio la ndani linashukiwa, na hapo ndipo saa inapokimbia. Mjomba alivuma, akanyamaza, akavuma tena, kisha akagonga sikio lake la kulia, lile zima. "Iko huku," akasema, akicheka, maana aliona kama mchezo wa watoto. Tabibu hakucheka.

Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo, na kama masikio yote mawili yamepungua halikusaidii sana. Lakini linakupa la kusema mbele ya daktari.

Hatua ya 2: Tazama mambo yasiyongoja asubuhi

Mwite nesi au daktari saa hiyo hiyo, na kama mmesharuhusiwa kwenda nyumbani tafuteni usafiri usiku huo huo, ikiwa pamoja na sikio kuna lolote kati ya haya: uso umepinda upande mmoja, maneno yanakokota, mkono au mguu umelegea, anaona vitu viwili viwili, au kizunguzungu kinachomzuia kusimama. Hiyo inaweza kuwa kiharusi. Homa na shingo ngumu baada ya ganzi ya mgongo vinaweza kuwa maambukizi ya uti wa mgongo. Degedege, usingizi usio wa kawaida, au maumivu ya kichwa yaliyokuwa yakitulia akilala na sasa hayatulii hata akilala, navyo ni vya haraka kuliko sikio lenyewe.

Hatua ya 3: Usitie kitu sikioni

Shangazi alileta mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Jirani akasema maji ya kitunguu. Mimi, nasema kwa aibu, nilimchokonoa kwa kijiti cha pamba siku ya nne, kikatoka kisafi, nikasema nta iko ndani zaidi.

Mafuta hayafiki sikio la ndani, ngoma iko njiani. Na kama ngoma ina tundu, mafuta na baadhi ya matone ya duka la dawa yanaweza kuongeza uharibifu, kwa sababu yapo matone yenye dawa za ukoo ule ule wa jenta. Isitoshe, sikio likijaa mafuta daktari hataona ngoma mpaka lisafishwe, na hapo umejiongezea siku. Mgonjwa asipenge kamasi kwa nguvu, asibane pua na kusukuma pumzi ili "kuzibua".

Mbona watu wanaapa mafuta yaliwaponya? Kwa sababu kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya watu wenye uziwi wa ghafla usio na sababu iliyoonekana hupata nafuu, kubwa au ndogo, hata bila tiba yoyote. Aliyetiwa mafuta akapona ataisifia nazi. Ambaye hakupona amenyamaza.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi kabla ya kuruhusiwa

Ni rahisi kupata majibu mkiwa bado wodini kuliko mkiwa Newala au Liwale mnapiga simu isiyopokelewa. Muulize nesi kwa adabu, uandike kwenye daftari: upasuaji gani, tarehe gani, ganzi ya mgongo au nusu kaputi, presha ilishuka au la, na kila sindano aliyopewa, kwa jina. Ukikuta jenta au amikasini kwenye orodha, mwambie daktari kuhusu sikio kabla ya dozi inayofuata. Msiisimamishe wenyewe kimya kimya, kidonda kinaweza kuwa kinaihitaji. Zipo dawa mbadala, na uamuzi huo ni wa daktari.

Sisi tuliambiwa na sista wa zamu, "bado ni nusu kaputi, itaisha." Mjomba hakupewa nusu kaputi. Alikuwa macho muda wote, anamsikia daktari akiongea habari za Simba na Yanga. Ningekuwa nimeuliza na kuandika, jibu lile lingenishtua palepale. Sista hakuwa na nia mbaya, alikuwa na wagonjwa wodi nzima usiku ule.

Hatua ya 5: Sema kwa maneno yanayofunguka

Ukisema "sikio linamsumbua" utapewa foleni ya kawaida, na pengine matone. Sema hivi, au karibu na hivi:

"Shikamoo dokta. Mzee wangu alifanyiwa upasuaji Jumanne kwa ganzi ya mgongo. Toka Jumatano saa kumi na moja jioni sikio la kushoto halisikii kabisa na linavuma. Akivuma mdomo umefungwa, sauti inakwenda kulia. Naomba sikio litazamwe leo, na apimwe usikivu, tunahofia ni sikio la ndani."

Sentensi hizo zimebeba tarehe, aina ya ganzi, upande, na sababu ya haraka. Anayesikiliza hana cha kukisia. Anza hapo mlipofanyiwa upasuaji, kwa sababu faili liko pale na daktari wa upasuaji anahusika. Kama mko kijijini, zahanati au kituo cha afya kina uwezo wa kutazama tundu la sikio na kukuandikia rufaa, na hilo tu linaokoa siku.

Hatua ya 6: Sikio litazamwe, kisha lipimwe

Kutazama kwa kurunzi ya masikio huchukua dakika mbili. Nta ikionekana itolewe, kisha ulizeni tena: anasikia? Kama nta imetoka na usikivu haukurudi, nta haikuwa mkosaji. Kama tundu ni safi na ngoma ni nzima, msikubali kuambiwa "sikio zima, nenda nyumbani". Sikio linaloonekana zima huku halisikii ndilo la kuogopwa.

Daktari mwenye uma wa chuma wa kupimia sauti ataugonga na kuuweka katikati ya paji la uso. Ni lile jaribio lako la kuvuma, kwa chombo bora. Baada ya hapo kinatakiwa kipimo cha usikivu chenyewe: mgonjwa anavaa visikilizio kwenye chumba kilichotulia na kubonyeza kila asikiapo mlio. Madaktari huita uziwi wa ghafla pale usikivu unaposhuka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 30 au zaidi kwenye ngazi tatu za sauti zinazofuatana, ndani ya siku 3. Ombeni nakala ya mchoro. Bila mchoro wa mwanzo hakuna atakayejua baadaye kama dawa imesaidia.

Kama kipimo hakipatikani mara moja, muulize daktari swali hili: "Je, dawa inaweza kuanza wakati tunasubiri?" Mara nyingi inaweza.

Hatua ya 7: Dawa, na kwa nini siandiki dozi

Tiba inayotolewa zaidi ni steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe wa ndani, kwa vidonge vya prednisoloni au kwa sindano inayopitishwa kwenye ngoma ya sikio. Hufaa zaidi ikianza ndani ya wiki 2, na kadiri inavyowahi ndivyo bora. Vidonge visipofanya kazi, sindano ya sikioni bado inaweza kujaribiwa kati ya wiki ya 2 na ya 6. Baada ya hapo matumaini ya dawa ni madogo.

Ushahidi wa steroidi wenyewe si wa kishindo, na daktari mkweli atakuambia hivyo. Wanaitoa kwa sababu muda ni mfupi, njia nyingine ni chache, na kozi fupi kwa kawaida inavumilika.

Dozi siiandiki kwa makusudi. Prednisoloni si ghali na haifichwi, na najua kuna atakayesoma hapa kisha aende moja kwa moja dukani. Mgonjwa wetu ana kidonda kibichi. Steroidi huchelewesha kidonda kufunga na hufungua mlango kwa maambukizi. Hupandisha sukari na presha, huamsha vidonda vya tumbo, na inaweza kuiamsha TB iliyolala. Kwa hiyo daktari wa masikio na daktari wa upasuaji wanatakiwa wazungumze. Mwenye kisukari aulize habari ya sindano ya sikioni, maana ile haiingii sana mwilini. Na ukishaanza vidonge, usikatishe ghafla. Hupunguzwa kwa ngazi.

Kama ni uvujaji wa maji ya ganzi ya mgongo, tiba huanza kwa kulala, kunywa maji ya kutosha na dawa za maumivu. Kahawa nayo husaidia wengine. Kichwa kisipotulia, wataalamu wa usingizi wanaweza kuchukua damu kidogo ya mgonjwa mwenyewe na kuichoma mgongoni karibu na tundu ili izibe. Inasikika kama uganga, lakini inafanya kazi, na usikivu mara nyingi hurudi pamoja na kichwa kutulia.

Dawa za virusi na dawa za "kufungua mishipa" hazipendekezwi kwa tatizo hili. Sindano za vitamini zitakula nauli yako.

Hatua ya 8: Rufaa na barabara

Toka zahanati hadi wilayani, toka wilayani hadi hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Wa Masasi na Nachingwea wengi huikaribia zaidi Ndanda, na wa upande wa Mtama huikaribia Nyangao. Juu yake kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mikindani, na mwisho Muhimbili. Kabla ya kupanda gari, piga simu au mtume mtu aulize mambo mawili: daktari wa masikio, pua na koo yupo siku gani, na kipimo cha usikivu kinafanyika lini. Kufika Ijumaa jioni na kuambiwa kliniki ni Jumatano ni siku tano zimeteketea kati ya zile kumi na nne.

Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi. Masika hesabu hiyo haina maana, kwani tuliona Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilivyoikata barabara kule Somanga na watu wakakwama njiani. Kama ni msimu wa mvua na siku zenu zimeenda, muulizeni daktari wa mkoa aanze dawa hapohapo na azungumze na mwenzake wa Dar kwa simu. Anayefikiria ndege aulize kwanza, si kila sikio linaruhusiwa kupaa.

Bima ikigoma au mfuko ukiwa mtupu, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa dirishani. Na barua ya rufaa iwe na neno "uziwi wa ghafla" pamoja na tarehe ulipoanza. "Matatizo ya masikio" haimwamshi mtu.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Kipimo kirudiwe dawa zikiisha, na tena ndani ya miezi 6. Sikio moja likibaki chini, daktari ataomba kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kuangalia kama hakuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Mara chache huwepo, na upasuaji ulitokea tu kuangukia wakati huo. Wa mjomba ulikuwa safi.

Yeye alianza vidonge siku ya sita. Alirudishiwa kiasi: kwenye mchoro wa pili mstari umepanda, haukufika ulipotakiwa. Anasikia watu wakiongea upande wa kushoto lakini maneno yamekunjamana, na mavumo yapo, anasema kama bahari ya Msimbati ukiwa umelala mbali nayo kidogo. Usiku huacha redio ikisema taratibu ili mavumo yapate mwenzake.

Ambaye sikio halikurudi kabisa bado ana pa kwenda. Kifaa cha kusikia huwafaa wenye usikivu uliobaki. Kwa aliyekosa masikio yote mawili, Muhimbili wamekuwa wakipandikiza vifaa vya usikivu toka 2017.

Nyumbani yapo madogo ambayo hakuna aliyetuambia. Mwenye sikio moja hajui sauti inatoka wapi. Mjomba alikaribia kugongwa na boda Tandahimba sokoni kwa kugeukia upande usio wenyewe, kwa hiyo sasa anavuka na mtu au anavuka kwa macho. Barazani anakaa mwisho wa mkeka upande wa kushoto, ukuta uwe upande wa sikio bovu na wasemaji wote waangukie kulia kwake. Akilalia sikio zima hasikii mlango, hata ukiuvunja. Kupuliza salfa ya korosho kwa pampu ya injini amewaachia vijana, kwa sababu ile ngurumo ingemla na sikio lililobaki. Wakati wa mazishi na mikutano anamwambia mtu mapema, "Kaa huku," kabla hajadhaniwa amenuna.

Simu siku hizi inakaa mfuko wa kulia wa shati. Karani wa AMCOS alibuni wazo lake mwenyewe: akimpigia, kabla ya kutaja kilo na bei, husubiri kwanza mzee aseme "niko upande wenyewe".